Mambo ya Nchi za Baridi: Kwa Nini Pikipiki za Theluji Hupanda Meli

Mkulima mmoja wa Nyeri ametuletea barua, na pamoja nayo picha aliyopelekewa na mwanawe anayefanya kazi Kanada, katika jimbo la Quebec. Picha yaonyesha sehemu ya chini ya meli ambamo magari hupakiwa. Humo mna pikipiki za theluji zilizopangwa safu, na wenyewe wamesimama kando wakiwa wamevaa nguo nzito hata hawawezi kukunja mikono vizuri. Mzee huyo auliza hivi: "Mwanangu ameniandikia ya kuwa huko mito huganda hata watu wakapita juu yake kwa miguu. Ikiwa ni kweli, mbona vyombo hivi, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kwenda juu ya theluji na barafu, vimepakiwa melini kama ng'ombe wa mnada?"

Swali ni zuri, wala jibu lake si fupi. Kwa hiyo tumelipa nafasi yote ya juma hili, na wale walioandika juu ya mbegu za mahindi tunawaomba radhi wangoje kidogo.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina mbao mbili za kuteleza, na mpanda huzigeuza kwa usukani. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka, mfano wa minyororo ya trekta la kutengenezea barabara, nao ndio unaokisukuma chombo. Uzito wake ni kilo 200 hadi 300, bila kumhesabu mtu, mizigo na petroli.

Kilitengenezwa na Joseph-Armand Bombardier, fundi wa mji mdogo wa Valcourt huko huko Quebec, aliyezaliwa mwaka 1907. Zamani hizo barabara za mashamba zilifungwa na theluji miezi mingi, na mtu akiugua hakuwa na njia ya kufika hospitali. Jambo hilo lilimpata Bombardier nyumbani kwake mwenyewe: mwaka 1934 mwanawe mdogo alifariki kwa ugonjwa wa tumbo kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumpeleka kwa daktari. Alikuwa akijaribu mitambo ya theluji tangu ujana wake, na mwaka 1937 alipewa haki ya serikali juu ya utaratibu wake wa gurudumu la meno na mkanda. Magari makubwa aliyoyaunda yalichukua madaktari, barua na watoto wa shule. Pikipiki ndogo ya mtu mmoja au wawili, iitwayo Ski-Doo, ilitoka mwaka 1959, na yeye akafa mwaka 1964. Chombo kilichokusudiwa kwa kazi kikawa pia chombo cha starehe. Siku hizi vyama vya wapanda pikipiki hizo vimetengeneza Quebec njia za theluji zenye urefu wa zaidi ya kilomita 30,000, zina alama na namba kama barabara za magari, na watu husafiri siku saba au kumi, wakilala kila usiku katika mji mwingine.

Hao wasafiri wa safari ndefu ndio tunaowazungumzia. Theluji haiwapi shida, kwa maana ndiyo barabara yao. Shida yao ni maji, na maji makubwa kuliko yote huko ni Mto Saint-Laurent.

Mto huo hulikata jimbo pande mbili kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Mbele ya mji wa Quebec upana wake ni kama kilomita moja, lakini kadiri unavyokaribia bahari huzidi kupanuka, hata huko Matane ukisimama ukingoni ng'ambo iko mbali kiasi cha kilomita 60. Msafiri atakaye kwenda kwa ukingo wa kusini na kurudi kwa ukingo wa kaskazini hana budi kuuvuka mara mbili.

Je, hauendeki juu ya barafu? Zamani uliendeka, walau mahali pengine. Katika karne ya 19, mwaka ambao barafu ilishikana vizuri, watu wa Quebec na wa Lévis waliotazamana kwa mto walikuwa na "daraja la barafu", wakapita juu yake kwa farasi na magari ya kuburuta, wakipeleka kuni na nyama sokoni. Huko Montreal walifanya jambo kubwa zaidi. Mwaka 1880 waliweka reli juu ya barafu, na gari la moshi likavuka mto. Mwanzoni mwa mwaka 1881 injini moja ilipasua barafu ikazama. Mtu angedhani wangekoma, lakini waliitandika reli ile tena majira machache yaliyofuata.

Mwaka ambao barafu haikushikana, watu walivuka kwa mitumbwi. Wanaume watano au sita waliushika mtumbwi pembeni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, wakiusukuma juu ya mabamba ya barafu, na bamba likiisha waliruka ndani wakapiga makasia mpaka bamba la pili. Ndivyo barua zilivyofika visiwani. Tangu mwaka 1955 mashindano ya mitumbwi hiyo ni sehemu ya sikukuu ya majira ya baridi mjini Quebec, nasi tungependa kuwaona mabaharia wetu wa Lamu wakishindana humo, ingawa hatudhani wangekubali.

Sasa daraja lile la barafu halipo, na sababu yake ni biashara. Tarehe 4 Januari 1964 meli ya Denmark iitwayo Helga Dan iliwasili bandari ya Montreal katikati ya majira ya baridi, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla yake. Tangu hapo bandari hiyo hufanya kazi mwaka mzima. Meli za serikali za kuvunja barafu hupita juu na chini kulinda njia ya meli isizibe. Basi hata baridi ikizidi namna gani, katikati ya mto mna mfereji wa maji meusi yaendayo kasi, yamejaa vipande vya barafu. Tena kutoka mji wa Quebec kuelekea baharini maji hujaa na kupwa kama huku kwetu Mombasa, na mbele ya mji huo tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita nne. Barafu inayoinuliwa na kushushwa hivyo mara mbili kwa siku haiwezi kutulia ikawa nzima.

Hapa yafaa tuseme kidogo juu ya barafu, kwa kuwa wengi wetu tumeiona katika sanduku la samaki au kwa mbali juu ya Mlima Kenya tu. Barafu huelea kwa sababu ni nyepesi kuliko maji, na hukua kwa kushuka chini kutoka juu. Nguvu yake haiongezeki sawasawa na unene wake. Unene ukizidi mara mbili, nguvu huzidi kama mara nne. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada hushauri unene wa sentimita 15 kwa mtu aendaye kwa miguu, na sentimita 25 kwa pikipiki ya theluji. Hesabu hiyo ni ya barafu safi yenye rangi ya buluu. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nusu tu ya nguvu hiyo.

Lakini mtoni hesabu hizo hazitoshi. Mkondo huila barafu kutoka chini, mahali ambapo jicho halifiki, hata hapa pakawa na sentimita 40 na hatua chache mbele pakawa na tano. Theluji ikianguka juu yake hufunika yote kwa shuka moja jeupe, nayo huizuia baridi isishuke, kama blanketi. Kwa hiyo mto uliofunikwa vizuri, ambao mgeni angeuona kuwa salama, mwenyeji huutazama kwa mashaka.

Usiku wa tarehe 21 Januari 2020 kundi la watalii wanane kutoka Ufaransa na kiongozi wao mmoja, wote wakiwa juu ya pikipiki za theluji, walikuwa karibu na Saint-Henri-de-Taillon, katika nchi ya Ziwa Saint-Jean. Walitoka katika njia yenye alama wakapita juu ya barafu, karibu na mahali ambapo maji ya ziwa hutoka kuwa mto Saguenay. Hapo mkondo una nguvu, na barafu huwa nyembamba. Barafu ilipasuka. Watatu walinusurika, watalii watano na kiongozi wao walikufa. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi, wakati ambao mtu yeyote angesema kwamba kila kitu kimeganda.

Wako vijana wanaojidai kwamba pikipiki ikipewa mwendo mkali huweza kuteleza juu ya maji yenyewe isizame. Ni kweli hufanyika, na wengine wameufanya mchezo wa kushindania. Ila injini ikisita kwa nukta moja tu, kilo 250 za chuma hushuka chini, na aliyekuwa juu yake amevaa buti na koti zito. Sisi hatuiti huo uvukaji wa mto.

Basi wasafiri wenye akili huvukaje? Ziko njia mbili. Kwenye miji mikubwa yapo madaraja, kama lile la Pierre-Laporte karibu na mji wa Quebec lililofunguliwa mwaka 1970. Lakini daraja hilo ni la barabara kuu. Pikipiki za theluji haziwezi kwenda humo pamoja na malori, na lami hula vyuma vilivyo chini ya mbao za kuteleza. Hivyo hupakiwa juu ya trela, zikavutwa na gari hadi ng'ambo, kisha zikashushwa kwenye theluji. Ni kazi ya nusu siku ikiwa kundi ni kubwa, na watu hulalamika, kwa kuwa wamesafiri kilomita 200 asubuhi, kisha wanakaa kungojea kilomita chache.

Njia ya pili ni meli, na hapo ndipo tunapoirudia picha ya mzee wetu. Kivuko cha Matane huenda Baie-Comeau na Godbout, majira ya baridi pia. Meli yake, F.-A.-Gauthier, ilianza kazi mwaka 2015, na safari ya Baie-Comeau huchukua kama saa mbili na dakika ishirini. Huo si uvukaji wa Likoni wa dakika chache. Ni safari ya baharini, na upepo wa Januari ukivuma meli haiondoki. Msafiri hulala Matane usiku mwingine, na vyumba alivyoweka ng'ambo vikampotea.

Kupakia kwenyewe kuna taabu zake. Sakafu ya meli ni chuma, haina theluji, na pikipiki hii bila theluji ni kama samaki nchi kavu. Mbao zake hazigeuki vizuri, na vile vipande vya plastiki ambavyo mkanda huteleza juu yake hupata moto vikayeyuka, kwa maana theluji ndiyo mafuta yake. Tena injini nyingi za siku hizi hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda, hivyo isipokuwapo, joto hupanda upesi. Kwa sababu hiyo mwenye chombo hukiingiza melini polepole kwa mwendo mfupi kabisa, au hukisukuma kwa msaada wa wenzake, kisha huzima injini mara moja. Waliojitayarisha hubeba vigurudumu vidogo vya kuweka chini ya mbao.

Jinsi meli hiyo inavyotegemewa ilionekana Desemba 2018, ilipoharibika ikakaa bila kazi zaidi ya mwaka mmoja. Meli kuukuu iitwayo Apollo iliyoletwa badala yake mwaka 2019 iligonga gati mara mbili katika muda wa majuma machache, ikaondolewa. Katika siku ambazo hapakuwa na meli, mtu wa Matane aliyetaka kufika Baie-Comeau, aliyeweza kuelekeza kidole ng'ambo ya maji, ilimlazimu kuzunguka mamia ya kilomita. Wenye hoteli walipoteza wageni wao wa theluji, lakini walioumia zaidi ni wagonjwa waliokuwa na miadi kwa madaktari wa upande wa pili, na wenye malori ya samaki na mbao.

Hiyo ndiyo sababu, mzee wetu, vyombo vile vimo melini. Mwanao hakukudanganya kuhusu mito kuganda, kwa maana mito midogo na maziwa huko huganda kweli, na njia za theluji hupita juu ya baadhi yake pale ambapo watu wa vyama wamepima unene na kuweka alama. Mto Saint-Laurent haumo katika hesabu hiyo.

Utakapomjibu, mwulize kama anavyo vile vijiti viwili vyenye ncha za chuma ambavyo wapanda pikipiki wa huko huvaa shingoni kwa kamba. Mtu aliyetumbukia hana cha kushika, kwa kuwa ukingo wa barafu uliolowa huteleza, lakini kwa vijiti hivyo huweza kuuchoma na kujivuta nje. Anunue jozi yake mwenyewe, aivae juu ya koti. Isiwe ndani ya begi.