Nyimbo za Kukodi Haziwi Urithi

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii nimeisikia tangu utotoni hapa Mombasa, lakini maana yake ilinikaa sawasawa usiku wa Idi mwaka uliopita.

Wageni walikuwa wamejaa barazani na kahawa yazunguka. Mzee mmoja wa rika langu kutoka Lamu akaniomba nimtilie wimbo wa taarabu wa zamani, nami kwa kujidai nikachomoa simu. Kila mwezi mimi hulipa ada kwa huduma moja ya kusikilizia nyimbo, na wimbo ule nalikuwa nao katika orodha yangu kwa zaidi ya miaka miwili. Nikautafuta. Jina lake lilikuwapo, lakini limefifia kama wino ulioingia maji, na kila nikiligusa halitoi sauti. Sikuarifiwa, wala ada ya mwezi haikupunguzwa. Mgeni wangu akacheka taratibu akasema, "Kumbe bwana, wewe hukununua kitu. Wewe ni mpangaji tu."

Neno lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Tuangalie, wasomaji, tulikotoka. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay akaimba mbele ya mashine, na santuri zake zikarudi pwani hii zikanunuliwa. Aliyenunua santuri alikuwa na santuri. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilitoa kaseti, na hicho ndicho chombo kilichoibadili taarabu ya Mombasa kuliko kingine chochote. Jina la Mbwana Radio Service lilijulikana kwa kanda zake, na katika harusi zetu hapakukosekana vijana waliopanga tepu rikoda zao mbele ya jukwaa ili wainase sauti ya Juma Bhalo, ya Zein l'Abdin au ya Zuhura Swaleh. Kanda moja ilinakiliwa ikawa kumi. Moja ikaenda Malindi, moja Tanga, moja ikavuka bahari hadi Muscat. Zilikwaruza, naam, lakini zilikuwa mikononi mwetu.

Leo mambo yamegeuka. Spotify iliingia Kenya Februari 2021, na kabla yake na baada yake zimekuja huduma nyingine za namna hiyo. Sisemi ni mbaya. Kwa bei ya chakula cha mchana kijana husikia muziki wa dunia nzima, na mimi mwenyewe sijaacha kulipa. Lakini twalipia ruhusa ya kusikiliza, hatulipii wimbo. Mkataba wa kampuni na mwenye rekodi ukimalizika, wimbo huondoka. Na duka lenyewe laweza kufungwa: Google Play Music ilifungwa mwaka 2020. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo ambazo watu waliziweka kwake kwa miaka 12, tangu 2003 hadi 2015, zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Wengi walikuwa wameweka huko nakala yao ya pekee, wakidhani wameiweka penye amana.

Basi kulipokucha nalilifungua sanduku la marehemu mama. Ndani mlikuwa na kanda 86. Nyingi ni za taarabu za harusini ambazo hazikupata kuuzwa dukani, na kwa hiyo hakuna kampuni itakayokuja kuzitafuta. Nyingine ni za kasida na maulidi, na chache ni za mawaidha ya Ramadhani. Unyevu wa pwani ulikuwa umekwisha anza kazi yake: baadhi zimeota ukungu, na nyingine kile kitambaa kidogo kinachousukuma utepe kimebanduka.

Binti wa ndugu yangu, ambaye kazi yake ni ya kompyuta, aliziona akaniambia, "Ami, hizi tuzitilie ghala humu humu ndani." Nikadhani ni mambo ya matajiri. Kumbe ghala lenyewe ni kijisanduku kisichozidi ukubwa wa Biskuti za bati tulizokuwa tukinunua zamani, chenye diski mbili ndani, kikaunganishwa kwa waya na kile kifaa kinachotupa waifai. Juu yake akatia programu iitwayo Jellyfin, ambayo hutolewa bure. Tangu hapo simu yoyote ya humu nyumbani, au redio yenye kupokea waifai, huita wimbo kutoka kisandukuni na wimbo ukaja. Hautoki Ulaya wala Marekani. Watoka chumba cha pili. Kwa hiyo haumalizi bando, na hata intaneti ikikatika twaendelea kusikiliza maadamu umeme upo.

Kazi kubwa si kukifunga kijisanduku bali kuzinakili kanda. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60, hakuna njia ya mkato. Kila kanda ilipanguswa, kichwa cha tepu rikoda kikasafishwa kwa spiriti, kisha sauti ikapitishwa kwa waya hadi kwenye kompyuta. Saa moja ya sauti isiyobanwa huchukua megabaiti 600 na zaidi. Ikihifadhiwa kwa mtindo uitwao FLAC, ambao hubana bila ya kutupa kitu, hupungua kiasi cha nusu. Kanda zote 86 hazikufika gigabaiti 50. Katika diski ya terabaiti 2, hizo ni kama kibaba cha mchele katika gunia.

Hapa pana mambo matatu ambayo ningependa msomaji ayashike kabla ya kufungua mfuko wake.

La kwanza, diski mbili zinazoigana si nakala mbili za salama. Moja ikifa, ya pili hubaki, ni kweli. Lakini ukifuta wimbo kwa makosa, hufutika kote kuwili papo hapo, na mwizi au moto havichagui. Nakala ya tatu tumeipeleka Malindi kwa dada yangu, imo kabatini mwake.

La pili ni umeme. Tunakumbuka sote Agosti 25, 2023, siku nchi karibu nzima ilipoingia gizani. Diski inayokatiwa umeme ghafula ikiwa kazini huweza kuharibika, kwa hiyo betri ya akiba si anasa.

La tatu, msilifungue ghala lenu kwa dunia nzima. Juni 2021 watu wengi waliokuwa na diski za nyumbani za My Book Live, za kampuni ya Western Digital, waliamka wakakuta kila kitu kimefutwa na watu walioziingilia kupitia intaneti. Kampuni ilikuwa imeacha kuzitengenezea programu mpya tangu mwaka 2015. Mlango usiotazamwa ni mlango wa mwizi.

Lakini faida iliyonigusa zaidi sikuitarajia. Katika zile huduma za kulipia, kila wimbo hutangulizwa jina la mwimbaji, na mara nyingi mtunzi hatajwi kabisa. Sisi watu wa pwani twajua taarabu ni shairi kwanza. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba tungo za jamaa yake Ustadh Ahmad Nassir, mwenye *Malenga wa Mvita*. Kuuhifadhi wimbo na kumwacha mtunzi ni kuhifadhi kikombe na kuimwaga kahawa. Katika ghala letu kila wimbo una mahali pa jina la mtunzi, mwimbaji, mwaka na harusi ya nani. Kasida na mawaidha zina chumba chao, hazichanganyiki na nyimbo za mapenzi. Mtoto akifungua Ramadhani hapati kisichofaa.

Kisha likazuka jambo ambalo teknolojia haina jawabu lake. Kanda mbili zilikuwa za vugo, za harusi ya shangazi yangu mwaka 1979, zilizonaswa upande wa wanawake. Mpwa wangu aliyeko Muscat aliposikia, akaandika, "Mjomba, zitie YouTube, dunia ijue utamaduni wetu." Nami nalikubali moyoni, maana nani hataki fahari? Hata hivyo nikaenda kumwuliza mwenye harusi.

Shangazi alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, wale waliimba ndani. Walitaniana, walitajana majina, wakijua wako peke yao. Wengi wamekwisha kufa. Ruhusa utamwomba nani?"

Sikuwa na la kujibu. Kanda zile zilinakiliwa na yule binti wa ndugu yangu peke yake, mimi nikiwa nje. Zimo ghalani katika chumba chenye neno la siri, na neno lenyewe wanalo wanawake wa ukoo. Mpwa wangu amekasirika kidogo. Mama yake amekwisha mweleza.

Hapo ndipo nalipofahamu kwamba swali la leo si la bei ya diski. Swali ni nani mwenye kauli juu ya sauti zetu. Ukizitia katika mitambo ya wengine, kauli ni ya wengine: watazionyesha wakitaka, watazizima wakitaka. Zikiwa nyumbani, kauli ni yetu, na pamoja na kauli huja wajibu. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda rekodi ya sauti kwa miaka 50, na utungo kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Kwa hiyo anayejaza memori kadi nyimbo za marehemu akaziuza sokoni hahifadhi utamaduni; anakula haki ya warithi.

Sidai kila nyumba inunue kijisanduku. Majirani watatu au wanne waweza kushirikiana tepu rikoda moja nzuri na kijana mmoja mwenye subira. La haraka zaidi halihitaji hata shilingi. Kati ya kanda zetu 86, kuna 11 ambazo hatumjui aliyeimba wala aliyetunga, na waliokuwa wakimjua mama aliwazika mmoja mmoja kabla yake. Chukueni kanda zenu, muwasikilizishe wazee walio hai, na muandike majina wanayoyataja. Utepe uliokatika huungika.