Sifa Hazisafishi Damu



Katika mashirika yetu ya Lubumbashi limezoeleka neno moja, linalotamkwa kila inapotajwa nyumba yenye mgonjwa wa figo: “Mke yule ni mvumilivu sana.” Neno hilo lina sura ya sifa. Sisi tunaowafundisha wachumba tunasema wazi kwamba mara nyingi ni kisingizio. Anayemsifu mwenye mzigo hujipa ruhusa ya kutoushika.

Tuanze na jambo lenyewe. Figo zenye afya husafisha damu mchana na usiku, saa 168 kwa juma. Zinaposhindwa kabisa, mgonjwa huunganishwa na mashine: damu hutoka mwilini kwa mrija, hupita katika chujio, kisha hurudi. Matibabu hayo, yaitwayo dialize, kwa kawaida huchukua saa 4, mara 3 kwa juma. Hizo ni saa 12. Zinabaki saa 156 zisizo na mashine, wala mganga, wala muuguzi. Saa hizo hulindwa na nani? Na mume au mke, nyumbani, kando ya mbabula ya makala.

Yeye ndiye anayepima maji ya kunywa kwa kikombe, kwa maana maji yasiyotoka kwa njia ya mkojo hujikusanya hata mapafuni na kumziba mgonjwa pumzi. Yeye ndiye anayechemsha mboga na kumwaga maji yake, anayeondoa ndizi na maharagwe mezani, kwa sababu potasiamu ikizidi katika damu yaweza kuusimamisha moyo. Yeye ndiye anayekataa samaki wakavu wenye chumvi, hata kama bukari bila kitoweo hicho haimpendezi mtu. Yeye ndiye anayesimama kwenye foleni ya maabara kungoja majibu ya urea, kreatinini, potasiamu, wingi wa damu na homa ya ini. Asubuhi huweka vidole juu ya mkono wa mgonjwa, pale mishipa ilipounganishwa kwa upasuaji, asikie kama bado inatetemeka. Mtetemo ukikoma, ni lazima kwenda hospitali siku ileile. Mgonjwa mwenye mrija shingoni akishikwa na homa na kutetemeka kwa baridi, mwenzake hutambua kwamba huenda vijidudu vimeingia katika damu, na kwamba jambo hilo halingoji kesho.

Kuiita kazi hii uvumilivu ni kuificha. Ni uuguzi kamili, unaodai maarifa, usingizi na fedha, na mtu mmoja huishiwa na vyote vitatu.

Tunapinga pia namna sifa hiyo inavyogawanywa. Mume akiugua, mke huambiwa avumilie. Mke akiugua, mume hunong’onezwa na ndugu zake kwamba bado ana nguvu, kwamba watoto wanahitaji mama, kwamba wakwe wamchukue mtoto wao. Ahadi waliyopeana mbele ya altare, ya kutoachana katika ugonjwa, ilikuwa moja kwa wote wawili. Anayemshauri mume kuivunja asijiite mshauri wa familia.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kumwambia mgonjwa aache mashine ili imani yake ionekane. Mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa akiiacha dialize, kwa kawaida hubakiwa na siku au majuma machache. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamwelekeza mgonjwa asali na pia ampe mganga nafasi yake. Anayeyatenganisha mambo hayo mawili hafundishi imani ya Kanisa, na anayelipia mafundisho hayo kwa uhai wake ni mwingine.

Tutajibiwa: “Ni gharama kubwa, nasi ni maskini.” Ugumu huo ni wa kweli. Kipindi kimoja cha dialize huhitaji lita 120 hivi za maji yaliyosafishwa kwa namna ya pekee, pamoja na chujio, dawa na umeme usiokatika. Kwa hiyo vituo ni vichache, hata hapa, katika nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Lakini tusidhani kwamba sisi ni wa kwanza kuyakuta haya. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner, mjini Seattle huko Marekani, alipata njia ya kumrudisha mgonjwa kwenye mashine mara kwa mara. Mashine zilikuwa chache. Ikaundwa kamati ya raia kuchagua nani atibiwe. Ilipima umri wa mtu, ndoa yake, kazi yake na mali yake. Mwaka 1972 sheria ikaamuru fedha za umma zilipie karibu kila mgonjwa wa namna hiyo, na sababu ya kuchagua watu ikaondoka. Nchini Kenya, bima ya afya ya taifa hulipia dialize. Kwetu, mpango wa afya kwa wote uliozinduliwa mwaka 2023 ulianza na akina mama wanaojifungua, na hilo ni jema. Lakini mgonjwa wa figo asiye na mwajiri wa kumlipia hutegemea mkoba wa familia. Mkoba huo ndio kamati yetu. Unakaa kila juma na kuamua kama vipindi vitakuwa 3, 2 au 1.

Someni tena sura ya pili ya Injili ya Marko. Aliyepooza alibebwa na watu wanne, nao walipanda hadi juu ya dari. Umati uliojaa mlangoni ulikuwa umekuja kusikiliza neno la Bwana, na umati huohuo ndio uliomzibia mgonjwa njia. Parokia inayoimba vizuri na kumwachia mke mmoja ambebe mumewe imesimama pale mlangoni.

Basi, vijana wa Kizito-Anuarite, wa Xaveri na wa kwaya, kila kundi lijue nyumba moja yenye mgonjwa wa dialize. Mmoja amsindikize siku ya mashine, ili mwenzake alale. Mwingine afuate majibu ya maabara. Wenye miaka 18 na zaidi na afya njema wajitolee damu, kwa maana upungufu wa damu huwaandama wagonjwa hawa. Mwombeni muuguzi awafundishe dalili za hatari. Wekeni likelemba ambayo zamu moja ni ya kulipia vipimo. Na ninyi wachumba, kabla ya kuhesabu viti vya karamu, ulizaneni nani atapima maji ya kikombe siku figo zitakaposhindwa. Kisha waulizeni ndugu wa pande zote mbili watakuwa wapi siku hiyo.

Siku mtakapozishika hata saa 10 kati ya zile 156, mtakuwa na haki ya kumwambia mke yule kwamba ni mvumilivu. Huenda wakati huo atakuwa amelala, nanyi msimwamshe.