Mwamuzi wa kura asichaguliwe na madhehebu

Mwezi Oktoba 2027, muhula wa miaka sita wa viongozi wa Tume huru ya uchaguzi, CENI, utafika mwisho. Kama sheria haitabadilika, viongozi wa madhehebu manane ya dini watakutana tena Kinshasa kutafuta jina la mtu atakayesimamia uchaguzi wa 2028. Safari iliyopita, mwaka 2021, kikao cha namna hiyo kiliwatenganisha maaskofu na wachungaji, kikawagawa waumini wao, na kikazaa tume ambayo wapinzani wengi waliikataa toka siku ya kwanza. Wakati ungali upo wa kuuliza swali ambalo wengi wanaliogopa: kwa nini kazi hii iko mikononi mwa dini?

Kwa wakaaji wa mashariki, hilo si swali la wanasheria peke yao. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, CENI iliyoongozwa na Corneille Nangaa ilitangaza kwamba uchaguzi wa Beni, Butembo na Yumbi umesogezwa hadi Machi 2019. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini Rais mpya aliapishwa mwezi Januari. Wapiga kura zaidi ya milioni moja hawakupata nafasi ya kumchagua wala kumkataa. Tarehe 30 Desemba, watu wa Beni walipanga mistari na kupiga kura yao ya mfano, ili kuonyesha kwamba wangeweza. Desemba 2023, Masisi na Rutshuru nao wakakosa kura kwa sababu ya vita. Vita havikuletwa na CENI, ni kweli. Lakini mtu anayeamua kura ya nani isubiri na ya nani ihesabiwe anashika madaraka makubwa, na namna anavyopatikana inamhusu kila raia.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema wazi katika ibara yake ya kwanza kwamba Kongo ni taifa la kidemokrasia na tena "laïc". Neno hilo la Kifaransa limefasiriwa vibaya mara nyingi. Wengine hulisikia kama tangazo la upagani, kana kwamba serikali imemfukuza Mungu. Maana yake ni nyepesi zaidi: serikali haina dini yake, kwa hiyo haimpendelei Mkatoliki mbele ya Mkimbangisti, wala Mwislamu mbele ya asiyesali popote. Ibara ya 22 ya Katiba hiyohiyo inamhakikishia kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Senegal ni mfano mzuri. Katiba yake pia inalitumia neno hilo, watu wake karibu wote ni Waislamu, lakini walitawaliwa kwa amani na Mkatoliki, Léopold Sédar Senghor, kutoka 1960 hadi 1980. Hakuna aliyelazimika kuacha msikiti wake.

Nchini Kongo, mchanganyiko wa dini na serikali ni wa zamani kuliko nchi yenyewe. Mwaka 1906, Léopold II alitia saini mkataba na Vatikano: misheni zilipewa ardhi, nazo zikachukua jukumu la kufundisha watoto. Mobutu alipojaribu kuvunja nguvu za Kanisa, alikataza majina ya Kikristo mwaka 1972, na mwisho wa 1974 akazifanya shule za makanisa kuwa mali ya serikali. Serikali ilishindwa kuziendesha. Mwaka 1977 ilizirudisha kwa mkataba mikononi mwa Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangisti na Waislamu. Hadi leo, wanafunzi wengi wa shule ya msingi wanasoma katika shule hizo za mkataba. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, ambayo dunia nzima inaijua kwa kuwatibu wanawake waliobakwa, inasimamiwa na kanisa la Kipentekoste. Mahali ambapo serikali haikufika, watu wa dini walifika. Asiyekubali hilo anakosa haki.

Ila kutoka kuziba pengo la shule na hospitali, dini zimesukumwa mpaka kwenye sanduku la kura. Tangu uchaguzi wa 2006, wanaume wanne wameiongoza tume. Wa kwanza alikuwa padri, Apollinaire Malumalu, mtoto wa Kivu ya Kaskazini. Wa pili alikuwa mchungaji wa Kimetodisti, Daniel Ngoy Mulunda, aliyesimamia uchaguzi wa 2011 ambao kituo cha Carter cha Marekani kilisema matokeo yake hayaaminiki. Wa tatu, Nangaa, hakuwa mtu wa altare, lakini jina lake lilipitishwa na madhehebu. Baada ya uchaguzi wa 2018, Marekani ilimwekea vikwazo kwa tuhuma za rushwa. Mwezi Desemba 2023 alitokea Nairobi na kutangaza muungano wa AFC, ambao M23 ni sehemu yake. Wakaaji wa Goma na Bukavu hawahitaji kuelezwa yaliyofuata.

Hakuna askofu wala imamu aliyetabiri hayo, na si haki kuwabebesha makosa ya mtu mwingine. Lakini historia hiyo inavunja hoja kubwa ya wanaotetea utaratibu huu, yaani kwamba mtu aliyepitia mikononi mwa watumishi wa Mungu atakuwa safi kuliko wengine. Joho halimgeuzi mtu kuwa mwamuzi mwema, wala baraka ya mwenye joho.

Mwaka 2021 ndipo ugonjwa ulipojitokeza waziwazi. Madhehebu manane yalitakiwa kukubaliana juu ya jina moja. Sita, yaani Wakimbangisti, Waislamu, Waortodoksi, Jeshi la Wokovu, makanisa ya uamsho na makanisa huru, yalimsimamia Denis Kadima. Kanisa Katoliki kupitia CENCO na Waprotestanti wa ECC walikataa, wakisema mtu huyo yuko karibu mno na Rais, na kwamba kulikuwa na vitisho na rushwa. Wengine walikana. Mabishano yalidumu miezi. Kila upande ulishikilia hesabu yake: sita ni wengi kuliko wawili, lakini hao wawili ndio wenye waumini wengi zaidi nchini. Tarehe 1 Agosti, vijana walirusha mawe kwenye makao ya Kardinali Fridolin Ambongo mjini Kinshasa. Mwezi Oktoba, Bunge lilimpitisha Kadima na Rais akamthibitisha.

Swali la kujiuliza hapa halihusu sifa za Kadima. Wataalamu wa uchaguzi walimjua kwa kazi yake ndefu. Swali ni nini madhehebu yalipata na yalipoteza nini. Yalipata nafasi ya kutaja jina moja. Yalipoteza umoja wao, na waumini wakaanza kuuliza nani kanunuliwa. Mwanasiasa anapojua kwamba kiti cha CENI kinapitia kwa viongozi wanane, anajua pia milango minane ya kubisha hodi usiku. Waliosema mshika mbili moja humponyoka hawakukosea: huwezi kuwa mchezaji anayemteua mwamuzi, kisha Jumapili ukasimama mimbarani kulaumu namna mechi ilivyochezwa.

Kinachosahauliwa ni kwamba sauti za dini zilizobadilisha Kongo zilitoka nje ya meza ya madaraka. Askofu mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, hakuwa na kiti cha serikali cha kulinda alipowatetea raia na wakimbizi. Aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996 na jina lake bado linatajwa kwa heshima. Wakristo walioandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992, wakapigwa risasi, walidai Mkutano mkuu wa taifa ufunguliwe tena, na ukafunguliwa. Maandamano ya walei wakatoliki ya Desemba 2017 na ya mwanzo wa 2018 yalimsukuma Joseph Kabila aachie madaraka. Mwaka 2018, CENCO ilituma waangalizi wapatao elfu 40 kwenye vituo vya kura, na iliposema kwamba hesabu zake hazilingani na zile za CENI, nchi nzima ilisikiliza. Nguvu hiyo ni ya shahidi. Shahidi aliyesaidia kumteua mshitakiwa, hata akisema kweli, ataulizwa yuko upande gani.

Wapo wanaojibu: basi achague nani? Wabunge ambao kila mmoja ana chama chake? Majaji ambao raia hawawaamini? Hofu hiyo ina msingi. Raia wengi wa Kongo wanaamini parokia yao kuliko ofisi yoyote ya serikali, na kuiondoa dini bila kuweka kitu cha maana mahali pake ni kumkabidhi Rais funguo zote.

Lakini njia nyingine zipo, na majirani wamezijaribu. Nchini Afrika ya Kusini, anayetaka kuingia katika tume ya uchaguzi anahojiwa mbele ya umma na jopo lenye mkuu wa Mahakama ya Katiba, mtetezi wa raia, na wajumbe wa tume za haki za binadamu na usawa wa jinsia, kisha majina yanapelekwa Bungeni. Nchini Kenya, viongozi wa dini wanawakilishwa katika jopo la uteuzi, lakini hawako peke yao, na mahojiano yanaonyeshwa kwenye televisheni, mwombaji akiulizwa juu ya mali yake na kazi zake za zamani. Utaratibu huo haukumaliza ugomvi wa uchaguzi Kenya. Lakini umempa raia kitu ambacho Mkongomani hajawahi kupata: kumwona na kumsikia mwamuzi kabla hajakabidhiwa filimbi.

Mabadiliko hayo hayahitaji kugusa Katiba, jambo ambalo leo linazua hofu kubwa nchini. Ibara ya 211 inaunda CENI na kuiachia "loi organique", yaani sheria maalumu ya Bunge, kazi ya kuipanga. Nafasi ya madhehebu haikuandikwa humo. Bunge linaweza kuirekebisha sheria hiyo: maombi yawe wazi kwa kila mwenye ujuzi, jopo lichanganye wanasheria, vyuo vikuu, mashirika ya raia na watu wa dini kama raia wenzao, na mahojiano yasikike redioni hata Walikale na Fizi.

Afadhali madhehebu yenyewe ndiyo yaombe kuutua mzigo huu, kabla ya Oktoba 2027. Yatakuwa yamelinda kitu ambacho serikali haiwezi kuwapa wala kuwanyang'anya: haki ya kusimama siku ya matokeo na kusema ukweli, bila mtu kuuliza nani aliyemweka mwamuzi.