Rimoti ya kuwasha gari kwa bibi harusi wa Geita: nani aishike?



Wapo mabinti wa kwetu wanaoolewa bara, tena mbali: Shinyanga mjini, Kahama, Geita. Waume zao wanafanya kazi migodini au kwenye biashara zinazoishi kwa migodi. Ukifika kule unaona mara moja kwamba si Mjini kwetu, ambako unatoka Darajani kwa miguu na kapu lako hadi nyumbani. Mume anaingia shifti na mke anabaki na safari zake: skuli ya watoto, soko, kliniki. Tangu lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi mwezi Juni 2025, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, mama wa Geita anaendesha mwenyewe mpaka Mwanza bila kungoja kivuko. Basi gari imeingia kwenye mazungumzo ya posa, na siku hizi bibi harusi mwengine anaongeza sharti: iwe na rimoti ya kuwashia kwa mbali.

Wako wanaocheka na kusema ni madoido. Sisi tunasema si madoido, ila ina masharti yake.

Faida yenyewe ni joto. Rimoti hizi zilipata umaarufu kwenye nchi za baridi kali, Kanada na kaskazini ya Japani, ambako mtu anawasha gari akiwa ndani ili barafu iyeyuke kwenye kioo. Usukumani hakuna barafu, lakini kuna jua la Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Gari iliyofungwa vioo juani inaweza kuzidi joto la nje kwa nyuzi 20 ndani ya saa moja. Mwanamke aliyevaa baibui na mtandio, mwenye mimba au mtoto mchanga, akiingia humo anapata tabu. Dakika tano za kiyoyozi kabla hajafungua mlango ni rehema. Na siku ya harusi yenyewe, uso umepambwa na hina haijakauka vizuri, hatuna haja ya kueleza.

Lakini tusijidanganye. Usiiwashe kila asubuhi robo saa kwa kusema "injini ipate moto". Magari ya siku hizi yanahitaji sekunde chache tu, kisha unaondoka taratibu. Gari ndogo ikisimama inaunguruma inakunywa kama nusu lita mpaka lita moja kwa saa, na kiyoyozi kikiwaka inazidi. Vilevile kivuli hakiuzwi. Shinyanga ilipokuwa inageuka jangwa, mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 kurudisha miti kupitia ngitiri za wenyeji. Egesha chini ya mwarobaini, weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele, fungua milango miwili joto litoke, na nusu ya kazi ya rimoti imekwisha bila senti.

Ukiitaka, isikilize kwanza gari yako. Magari mengi yetu yanatoka Japani yakiwa yametumika, na ndani mna kile kisauti cha Kijapani kinachodai kadi ya ETC. Baadhi yamekuja na kifaa cha kuwashia kwa mbali tangu huko, ila rimoti yake ilipotea njiani. Mwambie fundi aangalie chini ya dashibodi kabla hujanunua kipya, asije akafunga viwili vikagombana.

Kisha uliza: gari ni oto au manyo? Hapa tunasimama kabisa. Pikapu na Land Cruiser nyingi za eneo la migodi ni za manyo, na dereva akiegesha mlimani anaiacha kwenye gia. Ukiiwasha kwa mbali, gari inaruka mbele. Aliyesimama mbele yake huenda ni mtoto. Gari ya manyo tunashauri iachwe na ufunguo wake.

Kwa gari ya oto, tafuta fundi umeme wa magari mwenye duka na risiti, si wa kupita. Kazi ni ya saa chache na ina mitego yake. Funguo nyingi za sasa zina chipu ambayo gari inaitambua ndipo iwake. Fundi mzuri anafunga kifaa maalumu cha kuielewesha gari. Fundi mvivu anachukua ufunguo wako wa akiba na kuuficha ndani ya dashibodi, na tangu hapo mwizi anayeijua siri hiyo amekutwa na ufunguo tayari. Muulize wazi anatumia njia ipi. Asiguse nyaya za manjano, ambazo mara nyingi ni za mifuko ya hewa. Kila waya wa moto uwe na fyuzi, na maungio yachomwe risasi, yasisokotwe na kufungwa selotepu tu, maana barabara ya vumbi na makorongo itayalegeza.

Kabla hujalipa, jaribu mbele yake mambo manne. Boneti ikiwa wazi, gari isiwake. Gia ikiwa nje ya P, isiwake. Ikiwaka kwa rimoti, milango ibaki imefungwa, na mtu akikanyaga breki bila ufunguo, izime. Na ukiiacha, ijizime yenyewe baada ya dakika kumi au kumi na tano. Likikosekana moja, usilipe.

Nyumba nyingi za mjini kule zina ukuta na banda la gari lililoshikana na chumba cha kulala. Gari isiwashwe ndani ya banda lililofungwa hata dakika moja. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, na inaua watu usingizini. Rimoti isiwe kichezeo cha mtoto, wala mtoto asiachwe garini kwa kuwa kiyoyozi kinafanya kazi. Na palipoandikwa zima simu na redio kwa sababu ya kulipua miamba, rimoti nayo usiibonyeze. Ni chombo cha mawimbi pia.

Sasa lile la moyoni. Vifaa vingine vinaunganishwa na simu, na mwenye programu anaona gari iko wapi, na vingine vinamruhusu aizuie isiwake. Gari ikiibiwa, ni neema. Lakini tujiulize simu hiyo ni ya nani. Bibi harusi mgeni, mbali na mama yake, hajui Kisukuma, gari ndiyo miguu yake. Akigombana na mume jioni, asubuhi gari haiwaki, na mtoto ana homa. Hiyo si zawadi tena, ni kamba ndefu. Hatusemi waume wana nia mbaya. Tunasema jambo hili lizungumzwe mapema, kwenye posa, kwa adabu, mbele ya wazee.

Tena kama gari ni mahari, basi ni mali yake. Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, imelimaliza suala la mahari ni ya nani. Kadi ya gari isomeke jina lake, ufunguo na rimoti viwe mkononi mwake, na namba ya siri aijue yeye. Akitaka kumpa mume rimoti ya pili, ampe kwa ridhaa yake. Kama ni zawadi, isemwe wazi ni zawadi. Kama ni gari ya mume anayomwachia atumie, isemwe hivyo pia, asije akadhani ana chake.

Kwa hiyo, bibi harusi, ukiandika orodha yako, usianze na rimoti. Anza na kadi ya gari, kisha breki na matairi mazima, kisha mafunzo ya udereva na leseni yako mwenyewe. Rimoti ije mwisho, ikipatikana alhamdulillahi, isipopatikana fungua vioo uende zako.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu mapenzi na huruma, na safari zenu salama.