Mombasa Tumewaachia Wageni

Mwulize mtu yeyote wa Malindi, Kilifi, Msambweni au Lamu amekwenda Mombasa mara ngapi. Atakwambia hazina idadi. Kisha mwulize alikwenda kufanya nini. Hapo utaisikia orodha ambayo sote twaijua kwa moyo: kumpeleka mgonjwa hospitali, kuzika, kuposa, kuhudhuria harusi, kufuata cheti, kununua bidhaa za duka, kumsindikiza anayekwenda Hija. Mwulize tena: ni lini ulipowachukua mkeo na wanao ukaenda nao Mombasa kutembea tu, pasi na maiti wala mgonjwa? Wengi watanyamaza, na mimi hadi juzi nilikuwa miongoni mwao.

Tangu mwaka 2017 treni ya reli mpya kutoka Nairobi huteremsha pale Miritini watu na watoto wao, waliokuja kupumzika siku mbili tatu. Siwaonei choyo. Mji ni wa wananchi wote, na riziki ya ndugu zetu wengi hutokana na wageni hao. Linalonishangaza ni kuwa mtoto wa Nairobi amekwisha kuingia Fort Jesus mara mbili, na mtoto wa Malindi, aliye mwendo wa kilomita 120 hivi, haijui ila kwenye picha ya kitabu cha shule. Mombasa anayoijua mtoto wetu ni ya mabao ya kungojea daktari na ya matanga.

Maoni yangu ni kwamba matembezi ya mtu na ahli yake yana nafasi katika mila yetu, na kwamba tukiendelea kuyaona kuwa ni mambo ya wenye fedha na ya watu wa bara, tutawanyima watoto wetu kitu ambacho shule haiwapi. Dini yetu imetufundisha kuwa ahli ya mtu wana haki juu yake. Haki hiyo aghalabu twaihesabu kwa unga, nguo na karo. Wakati wetu hatuutii katika hesabu.

Basi mwezi uliopita nilifunga safari. Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi ambaye ni mzaliwa wa Mvita, na watoto watatu. Tulitoka Malindi Ijumaa baada ya sala ya Alfajiri ili tuwahi sala ya Ijumaa mjini.

Lakini kabla hata ya kupanda gari tulikuwa tumekwisha kugombana, na ugomvi wenyewe nataka niueleze kwa sababu najua haumo nyumbani mwangu pekee. Mimi nilitaka tufikie kwa mama mdogo, ndugu yake mama, aliyeko Kibokoni. Ndiyo desturi yetu. Mtu ana jamaa mjini, vipi alale kwa kulipa kama asiye na kwao? Mke wangu alininyamazia kutwa nzima, kisha usiku akaniambia: "Tangu tuoane nimekwenda Mombasa mara nyingi, na kila mara nimeiona kutoka dirisha la jikoni. Nikifika kwa watu siwezi kukaa kitako na wenyeji wanapika. Wewe utatembea na wanao, mimi nitamenya vitunguu. Hayo ni matembezi ya nani?"

Sikuwa na jibu. Ndugu zangu wanaume, kama mna jibu nileteeni. Sisi tukisema tunaipeleka familia kupumzika, mara nyingi twamhamisha mama kutoka jiko lake hadi jiko la mtu mwingine, na tena huko hana hata haki ya kuchoka. Atapika, ataosha, atawapeleka watoto msalani, kisha jioni tutamwuliza kwa nini amekunja uso.

Tulikodi nyumba ndogo ya vyumba viwili, ile ya kupangisha wageni kwa siku. Gharama ya mikesha miwili ilikuwa chini ya fedha tulizotoa kwa ajili ya nguo za sare katika harusi moja mwaka jana. Niseme tena wazi: sare ya siku moja ilitugharimu zaidi ya nyumba, nauli za watoto na vyakula vya siku tatu. Basi mtu asiniambie kuwa fedha hatuna. Fedha tunazo kidogo, na hicho kidogo twakijua pa kukitia ili watu watuone.

Kwa mama mdogo tulikwenda siku ile ile ya Ijumaa, tukiwa na zawadi ya samaki na maembe. Alinuna. Aliniuliza kama nyumba yake imeanza kunuka. Mama ndiye aliyetuokoa. Alimwambia nduguye, "Huyu mkwe wangu amekupikia miaka 14. Mwache naye leo apikiwe." Mama mdogo akacheka, tukala chakula cha mchana kwake, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kila mtu akabaki na heshima yake. Kumbe desturi haivunjiki kwa kuelezwa. Yavunjika kwa kupitiwa kimya kimya.

Jumamosi asubuhi tuliingia Ngomeni. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na watoto hupunguziwa. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Haya kijana wangu wa miaka 12 aliyajua, aliyasoma shuleni. Asilolijua ni yaliyopita ndani ya kuta zile baada ya Wareno. Hakujua kwamba Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na njaa na tauni zikaua wengi zaidi kuliko risasi. Hakujua kwamba Wamazrui walitawala kutoka humo hadi Seyyid Said alipowashinda mwaka 1837, wala kwamba Waingereza waliifanya jela hadi mwaka 1958.

Tukiwa mbele ya vitu vilivyotolewa baharini, vya ile jahazi ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, akaniuliza, "Baba, na Waswahili walikuwa upande gani?" Nikamwambia kweli: walikuwa pande zote mbili. Walikuwamo waliowaalika Waomani waje, na walikuwamo watu wa Faza waliopigana ndani pamoja na Wareno. Alinyamaza kitambo. Kitabu chake kilimwonyesha wageni wawili wakigombania nyumba tupu. Siku ile aliona kuwa nyumba ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na shauri lao, la sawa na la makosa.

Kutoka hapo tukashika Ndia Kuu, kuingia Mji wa Kale. Mtoto wangu wa kike, mwenye miaka 9, aliona jina la njia limeandikwa, akacheka. "Wamekosea, Baba. Ni Njia Kuu." Bibi yake akasimama. Nilimwona mama yangu usoni, na nikajua neno lile limemchoma, kwa kuwa mtoto huyu huyu nyumbani humsahihisha kila siku: bibi akisema "ndoo hapa," mjukuu husema "njoo", bibi akisema mtele, mjukuu husema mchele, bibi akisema mato, mjukuu husema macho. Mwishowe bibi amekuwa akisema kidogo mbele ya wajukuu, nasi tukidhani ni uzee.

Mama akamshika mkono, akamwambia, "Hawakukosea. Hapa ndipo kwa wenye maneno hayo." Nami nikamweleza mtoto kuwa Kimvita ni lugha kongwe, ndiyo aliyotungia mashairi Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840 na ambaye hadi leo hana mfano, na kwamba mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, ndipo ilipoamuliwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi ule ulikuwa na manufaa yake, na gazeti hili lisingesomeka toka Vanga hadi Turkana bila ya lugha moja. Lakini hapana mahali ilipoandikwa kuwa bibi aone haya kwa lugha ya mamake.

Tangu hapo mama hakunyamaza tena. Alituonyesha milango ya nakshi na roshani, akatufikisha mbele ya Msikiti wa Mandhry, unaosemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, na mnara wake mnene uliochongoka juu. Alituonyesha nyumba alimosomea Kurani akiwa mtoto. Sasa ni duka la vinyago. Alitaja majina ya mitaa na ya watu ambayo mimi mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, sikupata kuyasikia. Miaka yote hii alikuwa nayo. Hatukumpeleka mahali pa kuyatolea.

Jioni tulikaa chini ya mibuyu ya Mama Ngina, pale palipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, tukala mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, tukanywa madafu, na watoto wakahesabu meli ziingiazo Kilindini. Kisha tukapanda feri ya Likoni kwenda na kurudi, ambayo mwenye kwenda kwa miguu halipi kitu. Mke wangu hakuosha hata kikombe. Alikaa kwenye ukuta akitazama bahari, na nilipomwuliza anawaza nini akanijibu kuwa hawazi kitu. Sikumbuki kumwona hivyo tangu mtoto wa kwanza azaliwe.

Sasa nije kwenye uchungu. Jumapili tuliamka mapema tushuke pwani, maji yakiwa yanakupwa, kabla ya msongamano, kwa kuwa mama na mke wangu hupenda kutia miguu baharini na mabuibui yao bila ya kutazamwa. Tulipita kichochoro kimoja cha kaskazini ya mji, tukashuka mchangani. Hatukukaa robo saa, akaja bawabu wa hoteli moja, ambayo sitaitaja jina, akatuambia tusogee kwa kuwa tunawaudhi wageni. Mama yangu, mwenye miaka 70, mzaliwa wa kisiwa kile, aliinuka akakung'uta mchanga bila ya kusema neno.

Bawabu yule simlaumu. Naye ni mwenzetu mtafuta riziki. Lakini yafaa kila msomaji ajue kuwa Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, imesema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mchanga ule uliolowa ni wako kama ulivyo wa mgeni aliyelipa. Tatizo ni kuupata. Vichochoro vya kushukia pwani vimekuwa vikizibwa kimoja baada ya kimoja kwa kuta na malango, na anayebaki huambiwa aende ufuo wa umma wa Bamburi, ambako siku za sikukuu hapana hata mahali pa kutandika mkeka.

Hapa ndipo nasema kosa si la wenye mahoteli peke yao. Kichochoro kisichopitwa na wenyeji hufungwa, na hapana anayelalamika kwa kuwa hapana anayejua kuwa kimefungwa. Sisi tuliacha kushuka pwani. Tuliacha kwa haya, tukaona pwani pana watu nusu uchi na pombe, tukasema si mahali petu. Yaliyo maovu tuyakimbie, lakini tukiikimbia bahari yote tutawaachia wengine waamue nani aitie mguu. Viongozi wa kaunti twawachagua sisi; tuwaulize kwa majina vichochoro hivyo vimekwenda wapi, na kwa nini hapatengwi saa au mahali pa akina mama wenye kusitiri miili yao.

Najua atatokea wa kusema kuwa nyumba inanyesha na karo haijalipwa, na huyu anatuambia habari za matembezi. Haki yake. Asiye na nauli ya Mombasa na awapeleke wanawe Jumba la Mtwana ikiwa yuko Mtwapa, au Mnarani ikiwa yuko Kilifi, au Gede ikiwa yuko Watamu. Kote huko kuna misikiti ya mababu zetu iliyosimama bila ya paa kwa mamia ya miaka, na yeyote anayefika huona kuwa mihirabu yake inaelekea kibla kile kile tunachokielekea sisi. Mwache mtoto asimame hapo dakika tano. Halafu mchukue na bibi yake.

Tulirudi Malindi Jumapili usiku, watoto wamelala magarini mapajani mwetu. Jumatatu asubuhi nikiwa nanywa chai nilimsikia binti yangu nje akimwita nduguye: "Ndoo, bibi akwita!" Mama alikuwa ndani anapepeta mtele. Hakutoka, lakini ungo ulisimama.