Njugu Zetu Hazikurogwa

Mwaka huu nimeona heri mashairi ya mapenzi niwaachie mabingwa wake, mimi niandike juu ya njugu karanga. Wapo watakaocheka. Wacheke tu, lakini wengi wetu sisi wa kutwa karo yetu hutoka ndani ya gunia la njugu.

Kwetu, njugu zikidumaa, majani yakageuka manjano na kujikunyata pamoja, watu huanza kunong'ona. Ati fulani ana jicho baya. Ati aliyetuuzia mbegu alizichemsha kwanza. Nawajua majirani wawili wanaonyimana hata moto kwa sababu ya jambo hili. Mimi nasema hiyo ni dhuluma, kwani mkosaji ana jina: ugonjwa wa rozeti. Habari zake ziliandikwa mara ya kwanza mwaka wa 1907, hapo jirani Tanganyika, enzi za Wajerumani. Mwaka wa 1975 uliangamiza karibu hekta 700,000 za njugu kaskazini mwa Nigeria. Je, na huko alipita huyo jirani yetu na jicho lake?

Kuutambua vizuri kuliwachukua wataalamu miaka mingi, maana huyu si mwizi mmoja, ni genge la watatu. Kirusi cha kwanza hakina koti lake. Cha pili kinalo, nacho humwazima mwenzake ili apate kusafiri. Wa tatu ni kijipande tu kinachowategemea hao wawili, na hicho ndicho hasa kinachouletea mmea umanjano na kudumaa. Gari lao ni vidukari, wale wadudu weusi wafyonzao utomvu. Ajabu ni kwamba mmea wenye kirusi cha pili peke yake waweza kuonekana mzima kabisa!

Sasa sikilizeni. Ugonjwa huu hauenezwi na mbegu. Muuza mbegu basi hana hatia. Kikulacho ki nguoni mwako: njugu tunazosaza ardhini wakati wa kuvuna huota zenyewe, na vidukari pamoja na virusi hungojea humo msimu mpya. Tuzing'oe.

Lakini maoni yangu hasa ni haya, na najua baba zetu hawatayapenda. Njugu zilizopandwa mvua inapoanza, tena kwa kubanana, haziugui sana kama zilizochelewa na kuachiana nafasi kubwa. Mama zetu hawakatai kupanda mapema. Taabu ni maksai. Plau huanza shamba la mahindi la baba, ikaenda kwa mjomba, ikaenda kwa aliyeikodi. Zamu ya njugu za mama ikifika, wiki tatu zimekwisha na vidukari wanazaana kama hawana akili nzuri. Halafu tunauliza nani katuroga!

Wapo watakaosema mambo ya plau si ya mtoto wa miaka kumi na sita. Sawa. Lakini anayerudishwa nyumbani kuleta karo katikati ya muhula ni nani, plau?

Kwa hivyo ombi langu kwa wazee wetu wote watakaolisoma gazeti hili ni dogo. Masika ijayo, siku ya kwanza ya kulima, maksai waanze na nusu eka ya njugu. Mahindi yatangoja hadi kesho yake asubuhi.