Mtoto Asiyepimwa Si Mtoto Aliyefeli

Yeyote anayetunza hifadhidata anajua kwamba sehemu tupu si sifuri. Kama hujamuuliza mteja umri wake, kisha ukamwandikia miaka 0, ripoti zako zote zitasema uongo. Sifuri ni jibu, ilhali tupu maana yake ni kwamba hakuna aliyeuliza. Hili ni somo la wiki ya kwanza kwa mtu anayejifunza kuandika programu, na bado mifumo mikubwa ya serikali hulisahau kila siku.

Nalitaja leo kwa sababu nimekuwa nikisoma sana kuhusu madarasa ya watoto wenye vipawa katika shule za umma za miji ya Marekani. Kule mabishano hayaishi. Wengine wanasema madarasa hayo yamejaa watoto wa wenye nacho kwa sababu mtihani una upendeleo. Wengine wanajibu kwamba mtihani hauna macho, alama ni alama. Mimi naona pande zote mbili zimeruka swali linalotangulia: ni watoto gani waliokalishwa kwenye mtihani huo?

Hebu tuangalie jinsi mfumo wenyewe ulivyojengwa. Katika wilaya nyingi za shule kuna hatua mbili. Kwanza mtu lazima amtaje mtoto, yaani mwalimu aseme "huyu ana kitu", au mzazi ajaze fomu na kuomba. Pili, aliyetajwa ndiye anayepelekwa kwa mwanasaikolojia wa shule kupimwa akili. Watu hugombania hatua ya pili kwa sababu ina namba. Lakini mchujo mkubwa hufanyika katika hatua ya kwanza, kimya kimya, na haubaki kwenye rekodi yoyote. Mtoto ambaye hakutajwa hana alama wala barua ya kukataliwa. Mwisho wa mwaka anahesabiwa pamoja na wale ambao "hawana kipawa".

Mfano bora ninaoujua ni kaunti ya Broward, jimbo la Florida, eneo la Fort Lauderdale, ambayo ni mojawapo ya wilaya kubwa zaidi za shule nchini humo. Hadi mwaka 2005 zaidi ya nusu ya wanafunzi wake walikuwa Weusi au Walatino, lakini katika watoto wa darasa la tatu waliowekwa kwenye kundi la wenye vipawa, makundi hayo mawili yalikuwa asilimia 28 tu. Wilaya ikafanya jambo moja rahisi. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2005-2006, kila mtoto wa darasa la pili alipewa mtihani mfupi wa maumbo na mifumo, usiohitaji kusoma Kiingereza, palepale darasani. Waliofikia alama fulani ndio waliopelekwa kwenye kipimo kamili cha IQ.

Wachumi wawili, David Card na Laura Giuliano, walichunguza matokeo na kuyachapisha mwaka 2016. Kiwango cha watoto Weusi waliotambuliwa kuwa na vipawa kilipanda kutoka asilimia 1 hadi 3. Walatino wakapanda kutoka asilimia 2 hadi 6. Hata watoto wa Kizungu waliongezeka, kutoka 6 hadi 8. Waliokuwa wamesahaulika zaidi ni watoto wa familia maskini, wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili, na wasichana.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu huchanganya mambo. Vigezo vya kuingia havikulegezwa. Sheria ya Florida ilidai IQ ya 130, na tangu zamani iliruhusu wilaya kuweka kiwango cha chini zaidi kwa watoto maskini na wale wanaojifunza Kiingereza. Kanuni hizo zilikuwepo kabla ya 2005 na zikabaki baadaye. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mtoto aliulizwa. Watoto hao walikuwa na akili hiyohiyo mwaka mmoja kabla, wakikaa kwenye madawati hayohayo.

Je, walimu walikuwa wabaya? Sidhani. Mwalimu mwenye watoto thelathini huona daftari safi, mkono ulionyooshwa, Kiingereza fasaha na mzazi anayekuja kwenye mikutano. Hivyo ndivyo anavyokisia akili. Lakini kisio hilo lina mwelekeo wake. Utafiti wa Jason Grissom na Christopher Redding, nao wa mwaka 2016, ulionyesha kwamba nchini Marekani mtoto Mweusi mwenye alama sawa na mwenzake Mzungu katika hisabati na kusoma ana nafasi ndogo zaidi ya kuwekwa kwenye kundi la wenye vipawa, na pengo hilo hupungua sana anapofundishwa na mwalimu Mweusi. Kwa lugha ya kazi yetu, data inayoingia inategemea nani ameshika kibodi.

Mtu ataniuliza: basi si dawa ni kuweka mtihani mmoja kwa wote na kumwondoa mwalimu kabisa? New York ilifikiri hivyo. Chini ya Meya Michael Bloomberg, mwaka 2008 jiji lilifuta utaratibu wa kila mtaa kuchagua kwa njia yake na kuweka mitihani ileile na kiwango kilekile cha kuingilia kwa jiji zima, kwa watoto wanaokaribia kuanza shule ya awali, wengi wao wa miaka minne. Mtoto alihitaji kufikia asilimia 10 ya juu kitaifa ili apate darasa la mtaani kwake. Nia ilikuwa usawa. Matokeo yakawa kinyume. Mitaa ya wenye pesa ikajaza madarasa, na baadhi ya mitaa maskini ikakosa hata watoto wa kutosha kufungua darasa moja.

Kwa nini? Rula ilikuwa moja kweli, lakini mlango wa kufikia rula ulibaki uleule. Ilikuwa lazima mzazi ajue kuna mtihani, aandikishe mtoto kwa wakati na ampeleke. Kisha biashara ya kuwafundisha watoto wa miaka minne jinsi ya kufanya mtihani ikachanua. Mzazi anayefanya kazi za zamu mbili hana nafasi ya mambo hayo. Mwaka 2021 bodi ya elimu ya jiji ilikataa kuongeza mkataba wa mtihani huo, na ukaishia hapo.

Ukitaka kuona jambo hilohilo kwa vijana wakubwa, tazama shule za sekondari za vipaji maalumu za jiji hilo, kama Stuyvesant. Sheria ya jimbo ya mwaka 1971 inataka shule hizo zichague kwa mtihani pekee. Mwaka 2019 Stuyvesant ilitoa nafasi 895, na kati ya hizo 7 zilikwenda kwa wanafunzi Weusi. Saba! Katika jiji kama New York! Nami sitaki kuwalaumu watoto waliopita. Wengi wao ni watoto wa wahamiaji kutoka Asia, na si wachache kati yao wanaotoka kwenye nyumba maskini kabisa ambako wazazi walijinyima ili kulipia masomo ya ziada. Hawakuiba kitu. Lakini na huu ni mtihani wa kujiandikisha mwenyewe. Asiyejiandikisha ni sehemu tupu, na jiji humsoma kama sifuri.

Wanaoandika programu wanaelewa nguvu ya mpangilio wa mwanzo. Ukiacha kisanduku bila alama ya vema, watumiaji wengi hawatakigusa kamwe, hata kama kingewafaa. Ukikiweka kikiwa na alama tayari, wengi watakiacha hivyo. Teknolojia ni ileile, lakini watu wanaofaidika ni tofauti. Broward waliweka alama kwenye kisanduku cha kila mtoto. New York walitengeneza fomu nzuri zaidi, kisha wakasubiri wazazi waijaze.

Kuna jambo la pili: mtoto alinganishwe na nani? Card na Giuliano walichunguza kanuni nyingine ya wilaya yao ya Florida. Kila shule yenye hata mtoto mmoja wa kundi la vipawa katika darasa fulani ilitakiwa kufungua chumba maalumu kwa ajili yao. Viti vilivyobaki vilijazwa na wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika shule hiyohiyo. Watoto Weusi na Walatino walioingia kwa viti hivyo walipanda sana katika hisabati na kusoma, na wenzao waliobaki katika madarasa ya kawaida hawakuonekana kudhurika. Ni wazo lililo karibu na lile la New York la mwaka 2022, ambapo nafasi mpya za kuingia darasa la tatu zilifunguliwa na asilimia 10 ya juu ya kila shule ikaalikwa kuomba. Mtoto wa kwanza katika shule ya mtaa maskini amefanya kazi kubwa, hata kama alama zake ziko chini ya mtoto wa kumi na tano wa mtaa wa kitajiri.

Msomaji wa Kenya hataona hili kuwa geni. Shule zetu za kitaifa kwa miaka mingi zilichukua wanafunzi kwa mgao wa wilaya, ili mtoto wa Wajir asilazimike kumshinda wa Nairobi. Na tuna somo lingine la pamoja. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti kuhusu shule za sekondari teule za Boston na New York ulioitwa "The Elite Illusion". Ulilinganisha waliopita kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache, na haukuona tofauti kubwa ya matokeo baadaye. Mwaka huohuo Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walitumia mbinu kama hiyo kwa shule za kitaifa za Kenya, na matokeo ya KCSE ya waliopita kwa shida hayakuwa bora kwa kiasi cha kuonekana kuliko ya waliokosa kidogo.

Kwa hiyo wapo wanaosema, kama faida yenyewe ni ya mashaka, tuyafute madarasa haya yote. Nawaelewa, na kwa watoto wa miaka minne nakubaliana nao kabisa. Kumpanga mtoto maisha yake kabla hajajua kufunga kamba za viatu ni kupima pochi ya mzazi. Lakini kuyafuta yote kutamwumiza nani? Mwenye pesa atanunua shule binafsi au mwalimu wa nyumbani. Atakayepoteza ni yule msichana wa darasa la tatu ambaye hakuna aliyemtarajia, na ambaye ushahidi wa Florida unaonyesha ndiye anayefaidika zaidi akipewa kiti. Aliyepita kwa alama moja kwenye shule yenye jina kubwa, ambaye tayari alikuwa na shule nzuri ya pili, ni habari tofauti kabisa.

Msimamo wangu basi ni huu. Mpime kila mtoto, shuleni, saa za masomo, bila fomu ya mzazi na bila ada. Mpime baada ya miaka miwili au mitatu ya shule, si kabla. Mlinganishe na wenzake wa shule yake. Tena usimpime mara moja tu, maana watoto hukua kwa kasi tofauti.

Na lipa gharama yake kila mwaka. Hili nalisisitiza kwa sababu mwisho wa hadithi ya Broward unauma. Mtikisiko wa uchumi ulipobana bajeti, upimaji wa watoto wote ulipunguzwa, kisha ukasimamishwa. Tofauti za zamani zikarudi. Watoto hawakupungukiwa akili ghafla. Mtu alizima kazi iliyokuwa ikiendeshwa kila mwaka, na kwa kuwa aliyesahaulika hapigi simu kulalamika, hakuna kengele iliyolia.

Hapa kwetu KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mwaka 2026 kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 kwa kupangiwa nafasi na kompyuta. Mtaala mpya unazungumza sana kuhusu vipawa vya kila mtoto. Vizuri. Ila kipawa cha muziki, michezo au kompyuta hakionekani katika shule isiyo na piano, uwanja wala umeme, na mfumo wa kupanga nafasi utahesabu tu kile ulicholetewa. Sisi tunaoandika mifumo hii tukiambiwa tutoe orodha ya walio bora, tusiishie kupanga alama kutoka juu kwenda chini. Tutoe na ripoti ya pili: ni watoto wangapi hawana alama yoyote, wako shule gani, na kwa nini. Hoja yenyewe ni ya mstari mmoja, na nafasi yake ni ukurasa wa kwanza wa ripoti anayopewa mkubwa.